Punda Wawili, Si Mmoja

Ilikuwa 2022, ukame umeshika kaskazini ya Kenya, na mimi nilikuwa dereva wa lori la nyasi. Usiku wangu wa kwanza Samburu nililala ndani ya gari, kando ya mto Ewaso Ng'iro, ambao pale tulipoegesha ulikuwa mchanga mtupu. Kwenye saa tisa nikasikia punda analia. Kwa pumzi mbili tatu nilidhani niko kwetu Langoni, Lamu, na mjomba yuko mlangoni ananigongea twende gatini tukashushe mawe. Halafu nikatambua kwamba kilio kile kina walakini. Kilianza na mkoromo mzito kama wa kiboko, kikaishia kwenye ule mkwaruzo wa punda anapovuta pumzi kwa ndani.

Asubuhi nikamwuliza mwenzangu wa kazi, kijana wa Kisamburu, boma lenye punda liko wapi. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Hapa hakuna boma, mzee. Yule uliyemsikia ni punda milia."

"Punda milia nawajua. Wale hubweka kama mbwa wadogo."

"Hao ni wale wa Nairobi na Mara. Huyu wetu ni mwingine."

Jua halijapanda sana akanionyesha. Mnyama mkubwa kuliko punda milia niliyemzoea, masikio mapana ya mviringo, milia myembamba iliyobanana kama mkeka wa ukili, tumbo jeupe. Anaitwa punda milia wa Grevy, kwa sababu mwaka 1882 Menelik, wakati huo mfalme wa Shewa, alimpelekea mmoja rais wa Ufaransa, Jules Grévy. Yaani mnyama wa Samburu anabeba jina la mtu aliyepokea zawadi tu. Hayo niliyasoma baadaye. Siku ile nilichoona ni dume mmoja amesimama peke yake uwandani, hana jike wala kundi, katulia kama mwenye shamba, nami nikasema moyoni: huyu kasimama kama Shwari.

Shwari alikuwa punda wangu. Wangu wa kuswaga, maana mwenyewe hasa alikuwa mjomba. Kwetu mzigo mwingi unaoletwa na jahazi, ukishafika gatini, huingia mjini juu ya mgongo wa punda: mchanga, simiti, mawe yaliyochongwa Maweni kule kisiwa cha Manda, boriti, magodoro, hata friji. Vichochoro vya mji wetu havipitishi gari. Mjomba alikuwa na punda sita, mimi nikapewa majike wawili, Shwari na Matlai. Shwari alikuwa wa kijivu, ana msalaba mweusi mgongoni, na miguuni, ukimtazama jua likiwa limeinama, alikuwa na vijilia hafifu kama vimechorwa kwa mkaa kisha vikafutwa. Matlai rangi yake ilielekea weusi, na ukorofi kidogo alikuwa nao. Ukimfunga mmoja, mwingine alisimama naye bila kamba.

Lugha yetu haijamtendea punda haki. Punda afe, mzigo ufike. Fadhila ya punda ni mashuzi. Mtoto akishindwa hesabu, ni punda. Mimi nililelewa na maneno hayo, na siku niliyokabidhiwa shogi, yaani matandiko ya mzigo ya punda, nilikabidhiwa na fimbo pamoja nayo, kama vile ni vitu viwili vya seti moja.

Mwaka mmoja, wakati wa Maulidi, nilimpanda Shwari kwenye mbio za punda pale pwani. Alianza vizuri. Tulipofika mbele ya umati, mahali maji ya bahari yalipokuwa yamepanda yakaacha dimbwi njiani, akasimama. Hakuruka, hakugeuka, hakutetemeka. Alisimama. Nikampiga visigino, nikampiga bakora, watu wakacheka, wenzangu wakapita wakiturushia maji. Nilishika mkia. Mpaka leo wako wanaoniita Nahodha, maana chombo changu kilitia nanga.

Nilimkasirikia wiki nzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita.

Masika ya mwaka uliofuata, 2003, Shwari alikuwa mtulivu siku mbili. Neno hilo ndilo nililompa mjomba aliponiuliza: mtulivu. Alisimama kainamisha kichwa, anatafuna kidogo anaacha, hana habari na watu wanaopita. Mimi nikashukuru, maana kazi ilikuwa nyingi, nikampakia mchanga siku zote mbili. Siku ya tatu alilala katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, na shogi mgongoni, hakuinuka tena kwa nguvu zake. Tulimfikisha kliniki ya punda kwa mkokoteni, watu sita. Kliniki ile ilikuwa pale pwani tangu 1987, na matibabu yake yalikuwa bure, kwa hiyo sikuwa na udhuru hata wa pesa. Alikufa kabla ya adhuhuri.

Daktari wa mifugo akampasua mbele yetu. Alitoa tumboni donge la mifuko ya plastiki, limeviringana na kamba na nyuzi za gunia, kubwa kuliko nazi iliyofuliwa. Punda wetu tukimaliza kazi tulikuwa tunawaachia usiku wajitafutie, na cha kutafuta mjini ni jaa. Serikali ilipiga marufuku mifuko ile Agosti 2017. Kwa Shwari ilichelewa miaka kumi na minne.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniambia kwa sauti ya kawaida tu: farasi akiumwa tumbo hujigalagaza, hujipiga mateke tumboni, hutoka jasho, mtaa mzima ukajua. Punda hunyamaza. Huko porini walikotoka mababu zake, mnyama anayeonyesha udhaifu ndiye anayeandamwa kwanza. "Ukimwona leo katulia kuliko jana," akasema, "mlete leo. Usingoje alie."

Kosa la pili nililifanya saa ileile. Matlai alikuwa ametufuata nyuma ya mkokoteni mpaka kliniki, akasimama nje ya uzio. Mjomba alikuwa na ahadi ya mzigo wa mtu, akaniambia nimpeleke gatini. Nikamswaga kabla hajauona mzoga wa mwenzake.

Usiku ule alilia. Na wa pili. Alikuwa akizunguka kila kona waliyozoea kulala wawili. Siku ya nne akaacha kula, na safari hii, angalau, sikungoja. Kliniki wakamtoa damu wakaiacha itulie kwenye kichupa, kisha daktari akaniita nitazame. Yale maji yanayobaki juu damu ikishatuama hupaswa kuwa na rangi ya manjano hafifu. Ya Matlai yalikuwa meupe kama tui. Akanieleza kwamba punda akikatiza chakula, mwili wake hufungua ghala la mafuta kwa pupa, mafuta yakamwagika kwenye damu mpaka ini likazidiwa, na kwamba majonzi peke yake yanatosha kulianzisha jambo hilo. Alitundikiwa maji, akapitishiwa mpira puani akalishwa uji mwepesi. Mimi nililala naye zizini siku tatu.

"Ungemwacha na mwenzake nusu saa tu," daktari akaniambia, "amnuse. Punda akishanusa huelewa. Sasa yeye hajui kama amefiwa. Anajua amepotelewa."

Alipona, lakini si mpaka tulipomtia kijana dume wa jirani awe naye, na hata hivyo ilichukua miezi kuwa Matlai tena. Alikuja kufa 2012, kwa uzee na kazi. Siku hiyo nilimwambia mjomba hakuna mtu atakayeondoa mzoga wala kumgusa yule dume. Alimnusa toka pua mpaka kwato, akamzunguka, akasimama naye mpaka alasiri. Kisha akakojoa, akajikung'uta, akaenda mwenyewe kutafuta majani.

Ningependa hadithi ya mafunzo yangu iishie hapo, ningeonekana mtu mwema. Lakini ujuzi ule nilikuja kuuuza.

Nilitoka Lamu 2014 nikapata leseni ya magari makubwa, na 2017 nilikuwa Bonde la Ufa nabeba chochote chenye kubebeka. Kenya ilikuwa imeruhusu punda wachinjwe tangu 2012, na soko lilikuwa moja: ngozi, ambayo China huchemshwa ikatoa gundi ya dawa inayoitwa ejiao. Nyama ilikuwa nyongeza. Nikapewa kazi ya kusomba punda kutoka mnadani mpaka kichinjio kimoja. Nilijiambia ng'ombe nao huchinjwa, mbuzi nao huchinjwa, na mimi kazi yangu ni usukani.

Pale mnadani wafanyabiashara walikuwa wanahangaika. Punda hapandi lori kwa fimbo. Ukimpiga husimama, ukimzidishia hukita miguu, na mtu anaweza kumvunja mgongo asipande. Saa mbili zilikwisha, punda wanne tu ndani. Nikateremka. Nikatazama kwa dakika kumi, nani anasimama na nani, nani akisogezwa nani anageuza masikio. Nikawaambia: mpandisheni huyu kwanza, taratibu, mumpe majani kule juu. Sasa mwacheni yule, mfungueni kamba kabisa. Yule jike akainua kichwa, akamwona mwenzake ndani ya lori, akapanda mwenyewe kwa miguu yake minne, hakuna aliyemgusa. Tukafanya hivyo wawili wawili. Kabla ya saa moja kuisha lori lilikuwa limejaa, na bosi akaniongezea shilingi mia tano kwa werevu.

Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili, jioni, nikiwa nangoja karatasi langoni pa kichinjio, alikuja mama mmoja na kamba mkononi. Kamba tupu. Ametembea tangu asubuhi. Akanisalimia kwa adabu, akaniuliza kama katika mzigo wangu nimemwona punda jike mwenye sikio la kushoto lililokatwa ncha. Nikamwambia sijamwona, mama. Sikudanganya. Sikuwa nimetazama masikio, safari hii sikutaka kuyatazama. Akashukuru, akaenda kumwuliza dereva wa nyuma yangu.

Nikabadilisha njia, nikaanza kubeba viazi.

Baadaye nilisoma hesabu ya taasisi ya serikali ya utafiti wa mifugo: toka Aprili 2016 hadi Desemba 2018 vichinjio vya Kenya vilichinja punda 301,977, zaidi ya asilimia kumi na tano ya punda wote wa nchi. Kwa mwaka, waliochinjwa walikuwa kama mara tano ya walioongezeka, na si ajabu, maana punda hubeba mimba mwaka mzima au zaidi na huzaa mmoja. Huwezi kumzalisha kama kuku. Wezi wakapata kazi, na akina mama waliokuwa wakichotewa maji na punda wakarudi kubeba mitungi kwa migongo yao. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku biashara hiyo, 2021 mahakama ikaitengua marufuku, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka kumi na mitano. Mimi kila nikisikia nambari ile ya laki tatu huona mgawo wangu ndani yake, malori mawili.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo Samburu, nimesimama na marobota ya nyasi mbele ya mnyama aliyelia kama punda wangu.

Mvua zilikuwa zimekosekana misimu mitatu, minne. Mwisho wa mwaka ule serikali ilitangaza kwamba ndani ya miezi tisa hivi ukame umeua punda milia wa kawaida 381 na wa Grevy 49. Arobaini na tisa huonekana kidogo mpaka ujue kwamba hesabu ya 2018, iliyofanywa kwa kuwapiga picha ubavu wa kulia mmoja mmoja, maana milia ya kila mmoja ni kama alama ya kidole, ilipata 2,812 Kenya nzima. Nje ya hapa wako wachache Ethiopia, na basi.

Mwenzangu aliwatambua wengine kwa matako yao. Alinifundisha tusirundike pamoja nyasi tulizowaletea, tuziteremshe mafungu mafungu yaliyoachana. Nikadhani ni kuzuia vita tu. Akaniambia hapana, hawa si watu wa kula sinia moja. Punda milia wa kawaida, na farasi vilevile, dume huwa na majike wake na watoto, wanakwenda pamoja miaka, mmoja akishtuka wote wamekimbia. Wa Grevy ni mambo mengine. Dume hushika eneo lake, kilomita za mraba kadhaa, akakaa humo hata akiwa peke yake miezi. Majike huja na kuondoka, leo na huyu kesho na yule, kwa kufuata maji na majani. Nchi ni kame, chakula kimetawanyika, kundi kubwa litakula nini?

"Sikiria ni hivyohivyo," akaongeza. Sikiria ni punda kwa Kimaa. "Mama yangu anao wanne. Ukiwafungulia hawaendi pamoja kama mbuzi."

Hapo ndipo vijilia vya miguu ya Shwari vilipopata maana. Punda wa kufugwa ametokana na punda mwitu wa Afrika, ambaye bado yuko Eritrea, Ethiopia na labda Somalia, wakubwa wasiofika mia mbili, na wale wa upande wa Somalia wana milia miguuni. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2022 ulisema alifugwa mara moja tu, Afrika ya Mashariki, kama miaka elfu saba iliyopita. Mnyama wa jangwa la mawe. Farasi wa nyika tambarare akishtuka anakimbia na kundi, ndiko usalama ulipo. Punda akikimbia ovyo juu ya mawe, peke yake, atavunjika mguu, na hana kundi la kumficha. Kwa hiyo kwanza husimama akapima. Dimbwi lile la pwani, siku ya Maulidi, Shwari hakuliona chini yake. Mimi pia sikuliona, ila mimi sikujali.

Utingo wetu, kijana wa mjini, aliuliza kwa nini basi hawa wa milia nao hatuwafugi. Wajerumani walijaribu Tanganyika, nikamwambia, wakati farasi wao wakifa kwa maradhi ya mbung'o. Walipata mahuluti wachache na mateke mengi.

Mimi swali langu lilikuwa jingine, na nililibeba wiki nzima kabla ya kuliuliza. Kama punda ni mtu wa kujitegemea namna hiyo, mbona Matlai alikaribia kufa kwa ajili ya mmoja?

Mwenzangu alifikiri. "Mwenye ng'ombe mia, mmoja akipotea, atajua jioni akihesabu," akasema. "Mwenye mbuzi wawili anajua palepale."

Siku ya mwisho wa zamu yetu tulimkuta jike amekufa karibu na fungu la nyasi, hakuwahi kulifikia. Mtoto wake alikuwa kasimama naye, bado ana rangi ya kahawia. Mimi nikataka tumfukuzie upande walikokuwa majike wengine, kabla fisi hawajaja. Kijana akanishika mkono. Tukateremsha nyasi mbali kidogo, tukazima injini, tukangoja. Sijui tulingoja muda gani. Alimnusa mama yake usoni, akarudi nyuma hatua mbili, akamnusa tena. Kisha akaelekea walipokuwa wenzake, bila haraka, masikio mbele.

Nimerudi Lamu mwaka uliofuata. Mjomba ni marehemu, punda wake waligawanywa, na mimi nikaenda kijiji cha Matondoni kutafuta wa kuanzia kazi. Mwenye mali alikuwa na majike wawili, mmoja mzima wa kazi, mwingine kilema kidogo wa mguu wa nyuma. Akaniambia nichukue mzima, huyo kilema hana faida. Nilikaa juu ya jiwe nikawatazama. Yule mzima alipovutwa, kilema alianza kutembea bila kuitwa.

Nikalipa wote wawili. Nikawajengea banda la makuti nyuma ya nyumba, maana manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, na masika yalikuwa yanakaribia. Mke wangu alitoka uani, mkono kiunoni, akawatazama, akatazama mfuko wangu wa shati.

"Huyu nimeelewa, wa kazi. Na yule?"

"Yule ni wa huyu," nikasema.

Alinitazama kitambo. Kisha akachukua ndoo akaenda kuwatilia maji.